Unampeleka mzazi Hija? Soma hii kabla hujafunga begi

Nianze na miguu. Dua watu wanafundishwa, pesa watu wanachanga, ila miguu hakuna anayeiongelea mpaka mtu yuko Makka anachechemea. Saayi peke yake, kutoka Safa hadi Marwa mara saba, ni karibu kilomita 3 juu ya marumaru, hapo bado tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, bado kutoka hemani Mina hadi kwenye jamarati, zile nguzo za kurushia mawe, na kurudi siku tatu nne mfululizo. Mama yangu nilipompeleka alikuwa na miaka 67 na safari yake ndefu kwa siku ilikuwa nyumbani mpaka sokoni, na kurudi alikuwa anapanda bodaboda. Tukaanza kutembea miezi minne kabla, kila siku baada ya Alfajiri, mwanzo dakika 15 anapumzika mara mbili, mwisho saa nzima anapiga stori tu, majirani wakadhani ameshikwa na sukari. Kama kuna kitu kimoja utafanya kati ya yote ntakayoandika hapa fanya hicho, na umtembeze na viatu vilevile atakavyovaa kule, usimnunulie vipya wiki ya kuondoka.

Haya, kabla ya miguu kuna swali la kama inamlazimu. Hija ni mara moja kwenye umri, kwa mwenye uwezo, na uwezo sio nauli tu. Ni mwili unaohimili, njia iliyo salama, pesa ya kwenda na kurudi, na pesa ya kuwaachia wale unaowalisha mpaka urudi. Mtu ana madeni ya watu yameshafika muda wake, wanaomdai wanampigia simu kila siku, alafu anaenda kukopa apate kwenda Hija, huyo bado haijamlazimu na anajitafutia tabu bure. Lipa deni kwanza au ukubaliane na mwenye haki yake, andika wasia, omba radhi kwa watu. Sisi kwetu ile siku ya kuagwa mtu anazunguka mtaa mzima anaomba msamaha, na mama alikwenda mpaka kwa jirani ambaye walikuwa hawasemeshani toka enzi za ugomvi wa kuku, nikajua kweli huyu anaenda.

Na kama mzazi mwili umekata kabisa na hakuna tumaini la kupona, anaweza kuhijiwa na mtu mwingine, ila huyo mtu lazima awe ameshajihijia mwenyewe kwanza. Usimlipe kijana ambaye hata yeye hajawahi kwenda.

Sasa karatasi. Kila nchi inapewa nafasi zake, kanuni waliyokubaliana nchi za Kiislamu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja, kwahiyo huwezi kuamka mwezi wa Mfungo Tatu ukasema naenda. Kwa Tanzania bara uliza BAKWATA, kwa Zanzibar Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, Kenya SUPKEM, waulize ni taasisi au wakala gani wameruhusiwa mwaka huo, sio mwaka jana, mwaka huo. Alafu ndo uende kwa wakala na maswali yako mkononi: hoteli ya Makka iko umbali gani na Haramu, yaani msikiti wenye Kaaba, kwa miguu, Mina tutakaa kambi ya upande gani, chakula cha Mina kimo au hakimo, kuna kiongozi mwanamke kwenye kikundi, gharama ya kuchinja imo kwenye pesa niliyolipa au nalipa tena kule. Wakala wetu alituambia hoteli ni "dakika kumi" na kweli ilikuwa dakika kumi, ila kwa basi.

Na jamani achaneni na zile njia za mkato, eti viza ya matembezi alafu utajipenyeza ukifika kule. Mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 51 na Saudia ilitangaza vifo 1,301, na wengi wao, zaidi ya asilimia 80, walikuwa hawana kibali. Mtu asiye na kibali hana hema, hana basi, hana kiyoyozi, anatembea juani tu mpaka anaanguka. Siku hizi kila hujaji anapewa kadi ya Nusuk yenye picha yake, bila hiyo kadi hupiti, na ukikamatwa faini imefika riyali 20,000. Kadi ya mama niliitoboa nikaifunga kamba nikamvisha shingoni, analala nayo.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo lazima, na ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, usisubiri wiki ya mwisho. Homa ya manjano inategemea unatoka nchi gani, waulize haohao wa chanjo. Dawa zake za presha au sukari beba za siku zote na za wiki moja zaidi, na uzigawe, nusu begi kubwa nusu mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Mama mtu mzima akipoteza dawa zake Mina utajuta.

Kwenye begi, kwa mwanaume shuka mbili za ihramu (ile hali ya ibada unayoingia kwa kunuia) tena seti mbili manake moja itachafuka, mkanda wa kiunoni wenye mfuko wa pesa, kandambili zinazoacha vidole na kisigino wazi. Kwa mwanamke nguo zake za kawaida za stara, rangi yoyote, sio lazima nyeupe. Wote wawili sabuni isiyonukia, mafuta ya mgando yasiyonukia, mwavuli, chupa ya kunyunyizia maji usoni, mkeka mwepesi wa Muzdalifa, mfuko wa kitambaa wa kubebea viatu ndani ya Haramu. Yale mafuta usiyadharau. Wanaume wanene, na mimi nimo, ukivaa shuka bila kitu ndani ukatembea kilomita tano mapaja yanachubuka mpaka unatembea kama bata. Na sisi watu wa pwani tuna jambo letu, nguo zote zimefukizwa udi kabatini. Nguo za ihramu za mama ilibidi tuzifue upya mara mbili manake harufu ilikuwa haitoki, na ukishaingia kwenye ihramu manukato hayaruhusiwi.

Jambo la pili kwa umuhimu baada ya miguu: jifunze mpangilio mwenyewe. Usiseme kiongozi yupo, kiongozi mtapotezana naye, sio "huenda", mtapotezana. Na usijifunze kama orodha ya mambo 40 yote sawasawa, utachanganyikiwa. Yagawe. Nguzo kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kunuia ihramu, kusimama Arafa, tawafu ya ifadha (ile ya baada ya Arafa), saayi, kunyoa au kupunguza nywele, na kuyapanga mengi yake kwa utaratibu wake. Hizi haziokolewi na kuchinja mbuzi, ukikosa Arafa umekosa Hija ya mwaka huo basi. Wajibu ni kunuia kwenye mikati (mpaka ambao huupiti bila ihramu), kulala Muzdalifa na Mina, kurusha mawe, tawafu ya kuaga. Ukiacha wajibu bila udhuru unachinja. Yanayobaki mengi ni sunna, na hapa ndo wazee wanapoumia, wanagombania sunna ya kubusu Jiwe Jeusi wanavunjwa mbavu wakati kuliashiria kwa mkono kwa mbali kunatosha. Mama nilimwambia mapema, mama jiwe hatutaligusa, akanuna siku mbili, alipoiona ile halaiki kwa macho yake akasema twende zetu baba.

Hija ziko aina tatu lakini wengi wetu tunaotoka huku tunafanya tamatui, yaani umra kwanza, unavua ihramu, unakaa kawaida, alafu tarehe 8 ya Mfungo Tatu unavaa tena kwa ajili ya Hija. Kwa hii unachinja, na asiyeweza anafunga siku 3 kulekule na 7 akirudi kwao.

Mikati inategemea unaingilia wapi. Mnaoanza Madina mtanuia Dhul Hulaifa, siku hizi panaitwa Abyar Ali, hapo raha, mnashuka, mnaoga, mnavaa. Mnaokwenda Jeddah moja kwa moja mikati mnaipita angani, kwahiyo oga nyumbani, vaa shuka uwanja wa ndege au pale mnapobadilisha ndege, rubani akitangaza unanuia. Usilale! Na usiweke shuka kwenye begi kubwa, kila mwaka kuna mtu yuko angani amevaa jinzi na shuka ziko chini ya ndege. Kwa mgonjwa au mzee wakati wa kunuia aweke sharti, kwamba nikizuiwa na kitu basi nitavua ihramu pale nitakapozuiwa, hiyo iko kwenye hadithi na ina faida kubwa. Baada ya hapo ni talbiya, Labbaika Allahumma labbaik, na mipaka yake: hakuna kukata kucha wala nywele, hakuna manukato, hakuna tendo la ndoa wala kufunga ndoa, hakuna kuwinda, mwanaume hafuniki kichwa wala havai cha kushonwa, mwanamke havai nikabu wala glovu.

Umra yenyewe ukishaijua ni nyepesi. Udhu, ingia, anzia usawa wa Jiwe Jeusi, kuna taa ya kijani ukutani inakuonyesha, Kaaba iwe kushoto kwako, zunguka saba. Chini karibu na Kaaba mzunguko ni mfupi ila watu wamebanana, juu ghorofani kuna nafasi ila duara ni kubwa na saba zinakuwa kilomita kadhaa. Sisi mama nilimchukulia kiti cha magurudumu, na hili mliongee nyumbani kabisa kabla ya safari, manake wazee wengi wanaona kiti ni aibu, anakwambia mimi si kiwete. Mwambie nguvu tunazitunza kwa ajili ya Arafa.

Swali linaloulizwa sana na watu wetu ni udhu. Kwa Shafi kumgusa mwanamke au mwanaume ajinabi (asiye maharimu wako) kunatengua udhu, sasa kwenye tawafu utakwepa vipi, mikono ya watu inakupita kila upande. Masheikh wetu wengi wanaruhusu hapo kufuata kauli ya madhehebu mengine ambayo kugusana tu hakutengui, kaa na sheikh wako akueleze kabla hujaondoka usije ukawa unatoka kutia udhu mara tisa. Ukimaliza unaswali rakaa mbili nyuma ya Makamu Ibrahim, au popote msikitini kama kumejaa, unakunywa zamzam, unaenda Safa. Kwenda ni moja, kurudi ni mbili, unaanzia Safa na ya saba inaishia Marwa, ukijikuta umemalizia Safa ujue hesabu imeharibika. Saayi haihitaji udhu, kwahiyo ukitenguka hapo tulia endelea. Alafu nywele, mwanamke anakata ncha kidogo tu kama urefu wa ncha ya kidole.

Kwa dada na mama ambao bado wanapata siku zao: hedhi inazuia tawafu tu, mengine yote unafanya, Arafa unakwenda, mawe unarusha. Kama unataka vidonge vya kuzuia muone daktari miezi kabla, usimeze vya kuazimwa na mwenzio.

Sasa siku zenyewe. Tarehe 8 mnavaa ihramu mlipo hotelini mnaenda Mina, ambapo ni mahema meupe mpaka macho yanachoka, yote yanafanana, hayashiki moto, yalijengwa baada ya ule moto wa 1997. Hapo mnaswali kwa kupunguza bila kuunganisha. Kazi yako ya kwanza ukifika Mina ni kupiga picha namba ya kambi na nguzo iliyo karibu, hifadhi lokesheni kwenye simu, alafu mwandikie mzazi karatasi yenye namba ya kambi na namba yako kwa Kiarabu, akae nayo mfukoni. Wazee hawapotei Makka, wanapotea Mina wakienda chooni.

Na saa! Saudia na sisi saa zetu ni sawa kabisa, ikiwa mchana Dar ni mchana Makka, lakini wao wanahesabu kizungu. Kiongozi wa basi alituambia kwa Kiarabu saa kumi, "ashara", sisi tukajua kumi ya jioni tukalala zetu, kumbe ni saa nne asubuhi, tukaamka basi halipo na nusu ya kikundi kimeondoka. Kila ukiambiwa saa ongeza au punguza sita, au uliza kabla ya Adhuhuri au baada yake.

Tarehe 9 ni Arafa, na hapa ndo Hija yenyewe ilipo. Muda wake ni kuanzia jua linapopinduka mpaka Alfajiri ya tarehe 10, ukiwepo ndani ya mipaka hata kwa kitambo umepata, ila kaa mpaka jua lizame. Angalia vibao vya mipaka, sehemu ya mbele ya msikiti wa Namira iko nje ya Arafa, ukiswali pale toka urudi ndani. Kupanda ule mlima wa Rahma sio sharti, mzee akae hemani kivulini, anywe maji hata kama hana kiu, mchana mle vitu vyepesi. Mnaswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, kisha dua. Andika majina ya waliokutuma dua kwenye kidaftari, mimi niliyaweka kwenye simu na simu ikazima chaji saa nane. Mama alikuwa na zake kichwani, akataja watu saa nzima, akamtaja hadi yule jirani wa kuku na kuku wake wote.

Jua likizama mnaondoka kwenda Muzdalifa na hapo safari ya kilomita chache inaweza kula saa tatu nne ndani ya basi, kwahiyo chooni nenda kabla. Muzdalifa mnaswali Maghribi na Isha pamoja, mnalala chini, mnaokota vijiwe vya ukubwa wa harage au dengu, sio mawe ya kumpigia mbwa. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wanaruhusiwa kuondoka baada ya nusu ya usiku, itumieni hiyo ruhusa, haipunguzi kitu.

Tarehe 10 huku nyumbani ni Idi ya kuchinja, kule ni siku ya kazi. Vijiwe 7 kwenye nguzo kubwa ya Akaba, kimoja kimoja na takbira, kuchinja (mnanunua kuponi wanawachinjia), kunyoa, kisha tawafu ya ifadha na saayi ya Hija. Ukifanya mawili kati ya mawe, kunyoa na tawafu, mengi yanakuwa halali isipokuwa mambo ya ndoa, ukikamilisha yote na saayi yako umevuka kabisa. Tawafu hii sio lazima uikimbilie siku hiyohiyo, sisi tulimwacha mama alale, tukaenda tarehe 12 kumepungua kidogo.

Tarehe 11 na 12 unalala Mina na kila siku baada ya jua kupinduka unarusha nguzo zote tatu, ndogo, ya kati, kubwa, 7 kila moja, kwahiyo 21 kwa siku. Jumla ni 49 ukiondoka tarehe 12 kabla ya magharibi au 70 ukibaki mpaka 13. Kambi yenu itapewa muda wa kwenda, ufuateni hata kama unaona mnacheleweshwa, na kamwe msirudi kinyume na watu wanavyokwenda hata kama kandambili imebaki nyuma. Tarehe 24 Septemba 2015 watu walikutana kwenye barabara za Mina wakabanana, Saudia yenyewe ikatangaza vifo zaidi ya 700, na Watanzania na Wakenya walikuwemo. Mzazi asiyeweza unamrushia, kwanza vya kwako alafu vyake. Mama alirusha mwenyewe siku ya kwanza, zilizobaki akanikabidhi vijiwe vyake kwenye soksi, amevihesabu mara tatu.

Mwisho kabisa, mkiwa mmeshafunga mabegi, ni tawafu ya kuaga, na mwenye hedhi haimlazimu. Iwe ndo kitu chenu cha mwisho Makka, kwahiyo tasbihi, kanzu, tende na miswala ya zawadi nunueni kabla. Zamzam usiifiche kwenye begi la nguo, wataitoa mbele ya watu wote, chukua lile dumu la lita 5 lililofungwa rasmi na uulize shirika lenu la ndege linapokelewa vipi. La mama nililibeba mimi mpaka mlangoni, miguu yangu ndo iliyovimba, yake haina hata lengelenge.